Helmeti ya Manjano

"Breki nzima," alisema Sajini Gillot, akijifuta mvua usoni kwa kiganja. "Mtaalamu kazifungua moja moja. Anasema laiti gari lake la nyumbani lingekuwa na breki kama hizi."

Inspekta Odile Crahay alikuwa amesimama mbele ya gari jekundu ndani ya ghala baridi nyuma ya uwanja wa mbio wa Francorchamps, mikono mifukoni, akilitazama kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. Upande wa kulia wa pua ya gari ulikuwa umebonyea. Si sana. Ungeliona barabarani ungedhani limegonga mlango wa gereji. Lakini kilichogongwa hakikuwa mlango. Alikuwa ni Joris Claeskens, fundi wa matairi wa timu jirani, na sasa Joris alikuwa amelazwa hospitalini Liège, mashine ikimpumulia.

"Kwa hiyo Bwana Roelants ametudanganya," alisema Odile hatimaye.

"Au amekosea. Mtu akishikwa na hofu hajui anakanyaga nini."

"Hakusema amekosea. Alisema pedeli ilizama kama mguu kwenye matope. Maneno yake hayo."

Kisa chenyewe kila mtu Ubelgiji alikuwa ameshakiona kwenye televisheni. Jumapili, mvua ya milima ya Ardennes ikinyesha kama ilivyozoea, magari ya GT yalikuwa yakishindana kwa saa sita: yale magari ya fahari ya barabarani yanayovuliwa mazulia na kutiwa nondo ndani, madereva wawili wakipokezana gari moja. Gari jekundu lilikuwa la timu ya Régine Thonnard. Dereva wake wa kwanza alikuwa Quirin Bodarwé, kijana wa miaka ishirini kutoka Malmedy, mwendo mfupi tu kutoka uwanjani, mtoto ambaye magazeti yalikuwa yameanza kuandika jina lake bila kukosea herufi. Wa pili alikuwa Lodewijk Roelants, tajiri wa Flandria, upande wa kaskazini mwa Ubelgiji, mwenye kiwanda cha viazi vya kugandisha, mtu mzima aliyependa mbio na aliyekuwa na uwezo wa kuzipenda. Sheria ya mashindano yale ilidai kila gari liwe na dereva mmoja wa kujifurahisha, na huyo naye akae usukanini muda wake uliopangwa, la sivyo gari linafutwa. Hivyo ndivyo matajiri walivyopata raha yao, na hivyo ndivyo vijana kama Quirin walivyopata gari la kuendesha.

Ilikuwa zamu ya Roelants. Gari jekundu liliingia kwenye uchochoro wa mafundi, ile njia nyembamba ya kubadilishia matairi, likaja kwa kasi isiyoruhusiwa humo, likapita kibanda chake lenyewe na kumkumba Joris aliyekuwa amechuchumaa na tairi mkononi. Dereva akatoka, helmeti ya manjano kichwani, mikono juu ya helmeti, akiyumba. Régine Thonnard alimkimbilia, akamfunika blanketi, akamkokota mpaka kwenye lori la timu. Baada ya muda mfupi Roelants alijitokeza mbele ya polisi akasema, bila kusukumwa na mtu, "Nilikuwa mimi. Breki zilinigomea. Nitalibeba hili kama mwanamume." Kesho yake magazeti yalimsifu.

Hilo ndilo lililomkera Odile. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona tajiri akikimbilia lawama.

"Nani ameingia humu ndani tangu Jumapili?" aliuliza.

"Hakuna. Mkuu wa mbio alibandika utepe kwenye mlango wa gari palepale, injini ikiwa bado ya moto. Régine mwenyewe akautia sahihi. Mtaalamu wa breki amefanya kazi yake chini na kwenye magurudumu."

"Ubandue."

Gillot aliubandua utepe. Odile alivua koti lake, akapitisha mguu wake mmoja juu ya nondo ya mlango, kisha mwingine, akajitumbukiza kitini kwa mguno. Alikuwa mwanamke mfupi. Katika gari lake mwenyewe alisogeza kiti mbele mpaka pua ikakaribia kioo, na mumewe hakuchoka kumcheka. Sasa alinyoosha miguu, akapapasa chini ya kiti.

"Gillot. Kiti hiki kinasogezwaje?"

"Hakisogezwi. Kimekazwa kwa bolti. Zinazosogea ni pedeli. Kuna kishikio pale chini, kila dereva akiingia anazivuta zimfikie, au anazisukuma kule. Wameniambia jana."

"Miguu yangu imefika."

"Ndiyo, Inspekta."

"Imefika vizuri kabisa. Kama niliyepimiwa." Alitoa kichwa nje ya nondo. "Roelants ana urefu gani?"

"Alipoingia ofisini kwetu," alisema Gillot taratibu, "aliinama mlangoni."

* * *

Roelants alikuja baada ya chakula cha mchana, amevaa koti la sufu la rangi ya mchanga, Régine Thonnard akimfuata nyuma na sigara ambayo haikuwashwa. Régine alikuwa ameongoza timu za mbio tangu enzi ambazo wanawake uwanjani walikuwa wa kushika miavuli, na sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na moshi na kelele za injini.

"Inspekta, tumeshaeleza kila kitu," alisema. "Huyu bwana halali usingizi. Mnataka nini tena?"

"Jambo dogo tu. Bwana Roelants, naomba uketi kama ulivyoketi Jumapili."

"Na koti hili?"

"Livue. Gillot atakushikia."

Roelants alimtazama Régine. Kisha alivua koti, akaingiza guu lake refu, akainama, akajikunja, akaguna, akakaa. Tuseme alijaribu kukaa. Magoti yake yaligota chini ya usukani na hayakwenda mbele wala nyuma. Aliuvuta mguu wa kulia kutafuta breki. Kiatu kikanasa kati ya pedeli mbili.

"Ndivyo ulivyokuwa?" aliuliza Odile.

"Kulikuwa na mvua. Mvua ikinyesha napenda pedeli ziwe karibu."

"Sawa. Basi nikanyagie breki."

Roelants alijaribu. Uso ulimwiva. Goti lilipiga usukani, usukani ukageuka, na breki ikabaki pale ilipokuwa.

"Zimeguswa!" alidakia Régine. "Mafundi wangu wanasafisha, wanapanga, hawawezi kuona kitu kikakaa. Labda mmoja wao..."

"Utepe wa mlango una sahihi yako, madamu. Tumeubandua leo asubuhi. Bwana Roelants, funga na mikanda basi."

Mikanda ya mabegani ilikuwa imevutwa kwa ajili ya kifua chembamba. Roelants aliileta mbele, ncha zikakataa kukutana, kati yake pakabaki nafasi ya kupitisha ngumi. Aliziachia.

"Daktari wa uwanja alikupima kwenye lori," Odile aliendelea, sauti ileile. "Anasema mapigo ya moyo yalikuwa ya mtu aliyeamka usingizini, na nywele zilikuwa kavu. Nimewauliza madereva wengine. Wanasema ukitoka humu ndani unatoka umelowa chapachapa."

"Mimi sitoki jasho sana."

"Sasa hivi linakutoka."

Roelants aliupapasa uso wake kama wa mtu mwingine. "Nitoeni humu," alisema. "Nitoeni. Nitaongea mbele ya wakili wangu."

Haikuwa rahisi kumtoa. Gillot alimshika kwapani, akamvuta, kiatu kimoja kikabaki kwenye pedeli. Tajiri alivuka ghala kwa soksi, kiatu mkononi, bila kuaga.

Régine alibaki nyuma. Aliiwasha ile sigara mwishowe, ingawa ukutani paliandikwa asiwashe mtu.

"Sikiliza, Inspekta. Sisi ni watu wazima. Bwana mwenyewe amekubali kubeba. Bima ipo, wakili yupo, na Joris ana mwili wa farasi, atainuka. Mwache kijana aende zake. Wiki ijayo anasubiriwa Ujerumani; kiwanda cha magari kinataka kumjaribu, wakimpenda wanamwajiri. Umewahi kuona mtoto wa muuza chipsi anaajiriwa na kiwanda cha magari? Nani atapata hasara?"

Odile alikuwa anavaa koti lake. Alimalizia kifungo cha mwisho kabla ya kujibu.

"Kijana umemtaja wewe, madamu. Mimi sijamtaja."

* * *

Walishika barabara ya Malmedy, Gillot usukanini, vifuta kioo vikihangaika na mvua. Odile alikuwa anafikiria plasta. Jumatatu alipomhoji Quirin kwa mara ya kwanza, kijana alikuwa na plasta juu ya mfupa wa pua. Alisema alijigonga na mlango wa kabati kwenye lori, alikokuwa amelala wakati ajali inatokea. Odile aliandika na akasahau. Sasa haikumtoka kichwani, na bado hakuelewa ina maana gani. Kuthibitisha nani alikuwa usukanini ni jambo moja. Kwa nini dereva hodari kuliko wote uwanjani hakufunga breki zilizokuwa nzima kwenye njia iliyonyooka, hilo lilikuwa jambo jingine, nalo bado lilikuwa giza.

Simu ya Gillot iliita. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara kadhaa, kisha akaliegesha gari pembeni mwa barabara na kuzima injini.

"Joris amefariki," alisema. "Mkewe alikuwa naye."

Lori la mbao liliwapita, likawarushia maji.

Kabla Gillot hajawasha tena, ilikuwa zamu ya simu ya Odile. Sauti ya mwanamume, laini, yenye lafudhi ya Kiflemi cha Flandria iliyosuguliwa na shule nzuri. Ilijitambulisha kuwa ni ya wakili wa Bwana Roelants.

"Mteja wangu angependa kurekebisha maelezo yake, madamu Inspekta. Amekumbuka kwamba hakuwa ndani ya gari."

"Amekumbuka lini?"

"Mchana huu."

"Kabla ya kusikia kwamba Joris amefariki, au baada ya kusikia?"

Wakili alikohoa. "Alipata mshtuko mkubwa. Kumbukumbu ya mtu..."

"Kumbukumbu ya mteja wako ni ya ajabu. Inaweza kumbeba majeruhi, lakini maiti inaishinda. Mwambie asisafiri." Alikata simu.

"Basi kesi imekwisha," alisema Gillot. "Tajiri kamuuza kijana. Tunakwenda kumwambia, naye atasema yote."

"Hatumwambii."

"Kwa nini?"

"Washa gari, Gillot."

* * *

Kibanda cha chipsi cha Josette Bodarwé kilikuwa kwenye kona ya uwanja wa kanisa, dirisha lake limejaa ukungu wa mafuta. Juu ya rafu, katikati ya chupa za mayonesi na siki, kilisimama kikombe cha fedha ambacho mwanawe alikishinda kwenye uwanja wa Zolder mwaka uliopita, mbio zilizomtoa kwenye kundi la vijana wanaotumainiwa na kumtia kwenye kundi la vijana wanaotakiwa. Wateja walikuwa wakikigusa ili wapate bahati. Siku hiyo hapakuwa na mteja.

"Mmekuja kula au kuuliza?" alisema Josette, mwanamke mnene mwenye mikono iliyoungua madoa madoa.

"Kuuliza, mama."

"Mmeshauliza Jumatatu. Alikuwa amelala. Mtoto amelala mnamuuliza nini, ndoto zake?"

Quirin alikuwa jikoni nyuma, ameketi mbele ya beseni la viazi, kisu mkononi. Alikuwa mdogo wa umbo, mabega membamba, shingo nene ya madereva. Aliinuka kwa adabu. Odile alimwashiria akae, naye akavuta kigoda akaketi mbele yake. Gillot alibaki mlangoni.

"Quirin, kabla hujafungua mdomo nina mambo mawili ya kukuambia. Yasikilize yote mawili. La kwanza, Joris amefariki mchana huu."

Josette alifanya ishara ya msalaba. Kisu cha Quirin kiliendelea kumenya, kikazunguka kiazi, ganda likashuka refu. Kikazunguka tena palipokwisha menywa, na tena, mpaka kiazi kikawa kidogo kama jicho la samaki. Ndipo alipokiweka chini.

"La pili, una haki ya kuwa na wakili. Una haki ya kukaa kimya mpaka afike. Ukiniambia nitoke, nitatoka, nitasubiri garini. Na unalosema sasa linaweza kukupeleka mbele ya jaji kwa kifo cha mtu, si kwa majeraha tena. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Hajui kitu!" Josette alisimama kati yao. "Mheshimiwa, huyu ni mtoto. Tajiri amesema ni yeye. Amesema kwenye televisheni! Quirin, nenda juu."

"Mama."

"Nenda juu nimesema! Jumatano ijayo una safari."

"Mama, niache niseme. Nikienda juu leo sitashuka tena."

Josette alimtazama mwanawe, akatafuta kitu cha kushika, akashika ukingo wa sinki.

Quirin alisema akiangalia beseni. Jumamosi, kwenye mazoezi, mvua ilimkuta Roelants kwenye ile kona ya mlimani iitwayo Raidillon; gari likamzunguka mara mbili, likasimama kinyume, na magari mengine yakapita kushoto na kulia kama risasi. Alirudi akitapika nyuma ya lori. Alisema hapandi tena, hata wamchinje. Lakini asipopanda, gari linafutwa, na watu wa kiwanda cha Ujerumani walikuwa wamekuja kutazama.

"Régine akasema, nani anajua uso wa mtu ukiwa ndani ya helmeti? Kioo cha helmeti ya bwana ni cheusi. Nimalize zamu yangu, niingie kwenye lori wakati gari linajazwa mafuta, nivae nguo zake, nitoke kama yeye."

"Naye alikulazimisha?"

"Hapana." Alifikiri. "Hakunishika mkono. Alisema tu kwamba viti vya GT havisubiri mtu. Nilikubali mwenyewe. Siku hiyo haikuwa mara ya kwanza."

Odile aliinua macho. Hilo hakulijua.

"Zolder pia," alisema Quirin. "Zolder Bwana Roelants hakukanyaga kabisa. Niliendesha zamu zote."

Josette aligeuka polepole akatazama mbele ya kibanda, kwenye rafu ya mayonesi.

"Hata Zolder?" alisema. "Mimi nimekaa na watu hapa mwaka mzima, nawaambia tazameni. Hata Zolder, Quirin?"

"Hata Zolder, mama."

Kisha Odile aliuliza lile lililomleta. "Breki zilikuwa nzima. Njia imenyooka. Kwa nini hukusimama?"

Kijana aligusa plasta ya puani. "Kichwa chake ni kikubwa. Helmeti ile ilinipwaya. Tulijaza taulo ndani, lakini taulo ililowa jasho, ikajikunja. Kila nikikanyaga breki kwa nguvu ilinishukia. Nje kwenye njia si neno, unaipandisha kwa kiganja, unaendelea. Nilikuwa nimechoka. Nilichelewa kupunguza mwendo, nikaukuta mstari wa kuingilia kwa mafundi uko miguuni, nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Ikanishukia mpaka hapa. Ikanichana. Nikawa kipofu. Mtu akiwa kipofu mguu wenyewe unaachia, sijui kwa nini, unaachia. Nilipokanyaga tena..." Aliinamia beseni zaidi. "Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

Quirin aliokota kiazi kingine, akakirudisha kwenye beseni.

"Mlikuwa mnajuana na Joris?" aliuliza Odile badala yake.

"Alikuwa fundi wangu. Nilipoanza na magari madogo ya kart nilikuwa na miaka saba, sifikii hata kufunga mikanda. Yeye ndiye alinifunga. Alikuwa ananivuta mkanda mpaka nalia, halafu ananiambia, ukilia maana yake unapumua." Alijifuta pua kwa mkono uliojaa unga wa viazi, akaumia, akautoa. "Nilipotoka garini alikuwa ananitazama kutoka chini. Macho wazi. Mimi nina helmeti ya mtu mwingine. Sijui kama alinitambua."

Gillot aliandika mpaka mwisho, akamsomea, Quirin akatia sahihi. Ndipo Odile aliposema, "Wakili wa Roelants alinipigia njiani. Ameshakataa kwamba alikuwa yeye. Alikataa mara tu Joris alipokufa."

Josette alimrukia kwa maneno. "Kwa hiyo ulikuwa unajua! Umekaa hapa kwenye kigoda changu, umemwacha mtoto ajichongee, na wewe unajua!"

"Nilijua, mama. Na sasa karatasi inaonyesha kwamba alisema mwenyewe, amekwisha ambiwa kuwa mtu amekufa, akidhani bado kuna mwingine wa kumbebea. Kama ningemwambia kwanza, jaji angesema alisema kwa kuwa alishauzwa." Odile aliinuka. "Ni kitu kidogo. Lakini huko anakokwenda ndicho pekee atakachokuwa nacho. Mtafutieni koti, nje kuna baridi."

Quirin hakufungwa pingu. Mlangoni mama yake alimwekea mfuko wa karatasi mkononi, chipsi za moto, kama alivyomwekea kila alipokwenda mashindanoni. Njia nzima hadi kituo cha polisi cha Verviers aliushika magotini bila kuufungua, na gari likajaa harufu ya mafuta.

* * *

Odile alikuwa amepanga waingie kwa mlango wa nyuma wa kituo, lakini gari la wafungwa lilikuwa limeuziba. Waliingia kwa mbele. Na pale kwenye benchi la ukumbini, amevaa koti la mumewe lenye jina la timu mgongoni, aliketi Annelies Claeskens.

Alikuwa ametoka hospitalini moja kwa moja kuchukua vitu vya Joris vilivyokuwa vimehifadhiwa kwa uchunguzi. Ofisa wa zamu alikuwa ameinua kidole kumwonya Odile, ameshachelewa.

"Quirin!" Annelies alisimama. Alivuka ukumbi mbio mbio, viatu vikiteleza kwenye sakafu iliyolowa, akamkumbatia kijana kwa nguvu, mfuko wa chipsi ukabanwa kati yao. "Nilijua. Nilimwambia dada yangu, Quirin hawezi kukaa nyumbani, Quirin atakuja. Amekwenda, mwanangu. Joris amekwenda. Yule tajiri ameniletea maua, makubwa kama ya harusi, nimeyatupa kwenye pipa la hospitali."

Gillot alipiga hatua. Odile alimshika kiwiko. Hakujua mwenyewe kwa nini. Kanuni ilikuwa wazi, mtuhumiwa hakutani na ndugu wa marehemu, na ilikuwa inavunjwa mbele ya macho yake.

"Jeneza mtabeba wewe na kaka zake," Annelies alikuwa anasema begani kwa Quirin. "Wewe mbele. Alikuwa akikutazama kwenye televisheni ananiambia, mikanda ile mimi ndiye niliyemfundisha kufunga. Utabeba mbele, kushoto. Umesikia?"

"Siwezi, Annelies."

"Unaweza. Wewe ni mfupi, watakuwekea mto begani. Joris angecheka."

"Siwezi." Mikono yake ilikuwa imening'inia pembeni, hakuwa amemkumbatia. "Si tajiri. Tajiri hakuwa ndani. Helmeti ilikuwa yake, mtu alikuwa mimi."

Annelies hakupiga kelele. Alikuwa kama aliyeambiwa jambo kwa lugha anayoijua kidogo na sasa anatafuta maneno yake moja moja. Mikono yake ilibaki mabegani mwa kijana. Kisha aliuondoa mmoja. Kisha mwingine. Alirudi nyuma hatua, akamtazama kuanzia viatu hadi kwenye plasta ya puani, akachelewa hapo.

Alimgeukia Odile. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeko kwenye foleni ya posta.

"Naomba vitu vya mume wangu," alisema.